Mrehani wa Buluu

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Daftari jipya. La zamani limejaa Léon, mume wangu: kikohozi cha Léon, kiti cha Léon, Léon na siasa zake. Hili nataka liwe la maua.

Leo somo la kwanza la akwareli, rangi za maji, katika sale, ukumbi wa parokia. Akina mama tisa, glasi tisa za maji, na Madame Estelle. Huyu Estelle alizaliwa hapa hapa Likasi, hatua chache kutoka soko la Kikula. Akakaa Ubelgiji miaka ishirini, sasa amerudi kutufundisha kuangalia maua. Kumbe siku zote tulikuwa vipofu.

Ametugawia picha za kuiga. Maua ya tropiki, anasema. Okidi! Ua lingine lina mdomo wa bata! Nikamuuliza haya yanaota wapi. Kwenu, anasema, ninyi mna bahati, mnaishi tropiki. Miaka hamsini na sita niko Kikula na hakuna mtu aliyenijulisha. Sisi tuna franjipani, ibiskusi, na bugenvilia iliyojaa vumbi la malori. Basi.

Anasema pia kabla ya kupaka, uombe ua ruhusa. Nimeomba. Halikujibu.

Jirani yangu Hortense naye amejiandikisha. Nilijua tu. Nikinunua sufuria, ananunua sufuria. Amepaka ua jekundu, shina jekundu, majani mekundu, sahani nzima ya maharagwe na mawese. Nimemwambia ni zuri sana. Na ni kwaresima. Mungu anisamehe.

Jumanne, 8 Aprili

Kazi ya nyumbani: majani. Nyumbani mwezi mzima majani tu, maua ni ya darasani. Kijani kibichi, kijani kizee, kijani cha ugonjwa. Kidonge cha rangi ya kijani katika kisanduku changu kimeshaingia shimo katikati.

Léon ameweka kiti chake kwenye ukuta wa jiko, kama kila siku tangu alipotoka usine, kiwandani. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye matangi ya asidi. Sasa kazi yake ni kunichunga mimi. Ameuliza nani atakula hayo majani.

Maji ya kuoshea brashi namwaga palepale, chini ya ukuta, kwenye mrehani wangu. Sitatembea mpaka kwenye mtaro kwa sababu ya glasi moja. Léon amelalamika: angalia udongo, umekuwa kijani, utaua lupango mzima, kiwanja chote, kwa sumu yako. Muntu aliyepumua asidi miaka thelathini anaogopa glasi ya maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Lazima niandike hii kabla sijaanza kuiamini.

Leo Madame Estelle ametufundisha sheria kubwa: akwareli haina rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka ua jeupe, unaliacha, huligusi. Unapaka kivuli chake tu, kwa buluu nyepesi, maji mengi, rangi kidogo. Kila mmoja alitakiwa kuleta ua la kwake, basi mi nimeleta mrehani wa pale ukutani, ule wa chai ya kikohozi ya Léon. Vimaua vyeupe, vidogo, havina makuu. Madame Estelle ameuangalia kwa huruma. Alitaka bata.

Nikapaka kivuli. Maji yakazidi. Buluu ikaanza kutembea! Ikaingia ua la kwanza, la pili, nikachukua kitambaa, nikafuta, nikaharibu zaidi. Dakika moja tu na mrehani wote ukawa buluu inayokwenda zambarau. Nikataka kuichana.

Madame Estelle akanishika mkono. Akasema: "Quel courage!" Ujasiri ulioje! Eti nimethubutu kupaka ninachohisi, si ninachoona. Nilichohisi ni kwamba nimemwaga maji.

Lakini wote walikuwa wanaangalia. Hortense alikuwa anaangalia! Basi nikasema ndiyo, ndivyo nilivyouona. Nikasema mrehani ulikuwa na huzuni. Mrehani! Na wale akina mama wakaitikia kwa vichwa kama kwenye mahubiri.

Nimefurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimefurahi sana.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Samaki wa ziwa Tshangalele na bukari, ugali wetu. Jenny amepiga simu kutoka Lubumbashi, amemwambia baba yake eti mama sasa ni msanii. Léon amekata simu akarudi kwenye samaki, amekula sehemu ya watu watatu.

Jumapili, 27 Aprili

Maonyesho! Baada ya misa ya pili, sale ya parokia, picha tisa kwenye kamba na vibanio vya nguo.

Watu wamepita kwenye maharagwe ya Hortense bila hata kupunguza mwendo. Kwangu wamesimama. Wanaume! Wenye makoti! Nimehesabu sita. Mmoja amechuchumaa kuangalia majani kwa karibu. Mwingine amepiga picha kwa simu, mara tatu. Akaniuliza ua hili limetoka wapi. Nikasema kwetu, kwenye ukuta wa jiko, nimelichuma kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaanza kumweleza habari ya kivuli na karatasi. Akaniuliza ukuta wa upande gani. Nikamwambia wa mashariki. Nikafikiri ni mambo ya mwanga.

Madame Estelle ametangaza mbele ya watu kwamba picha yangu itakuwa jalada la kalenda yake, ile itakayochapwa Ubelgiji. Hortense amepiga makofi kwa vidole viwili.

Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa askofu. Léon amenibebea kiti. Léon!

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimejua makoti yalikuwa yanaangalia nini.

Saa tatu asubuhi amekuja mtu anaitwa Doudou, mkubwa wa wachimbaji wa madini huku nyuma ya soko. Miwani nyeusi, viatu vyeupe. Bonjour maman, bonjour papa, heshima zote. Nikatoa kiti. Nikadhani amekuja kununua picha, hata nikafuta meza.

Akatoa simu, akamwonyesha Léon picha yangu. "Papa," akasema, "iyi njo maua ya shaba."

Ndiyo maua ya shaba! Huku kwetu hata mtoto anajua. Kuna ua dogo la buluu, lafanana na mrehani, ni ndugu yake kabisa, na haliwi na raha ila penye shaba chini. Wazee walikuwa wanatafuta vilima vya shaba kwa hilo ua tu. Basi ndivyo. Wapenzi wangu wa sanaa wote sita! Hawakuona rangi, hawakuona kivuli, wamesoma anwani. Na anwani nimewapa mimi, mpaka upande wa ukuta.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwangalia Léon. Léon hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia ardhi chini ya kiti chake, miguu ameikunja, kama mtu aliyegundua amekaa juu ya kitanda cha mgeni.

Jumanne, 29 Aprili

Léon hajalala vizuri na hajakohoa. Furaha imemponya kikohozi.

Anataka shimo. Doudou ataleta watu, kamba, koleo, wagawane kitakachotoka. Wapi? Palepale chini ya ukuta wa jiko. Nimemkumbusha nyumba ya barabara ya tatu, wale waliochimba lupango wao mwaka jana. Shaba haikupanda. Jiko ndilo lililoshuka, na masufuria yake. Sasa baba analala kwa shemeji na watoto wametawanywa kwa shangazi zao.

Léon anasema wale hawakuwa na ua.

Hii nyumba nimeifyatulia matofali mwenyewe, na mimba ya Jenny tumboni. Léon alikuwa usine. Najua kila tofali la ukuta ule, najua hata lile lenye unyayo wa mbwa. Nyumba nyingine hatuna.

Kesho nitamwambia ukweli.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwambia. Nimesema Léon, ile buluu ni kosa. Maji yalizidi. Sijui kupaka, nilimwaga.

Akanijibu taratibu, kama unavyomjibu mgonjwa: lakini parokia nzima ilikusikia ukisema ndivyo ulivyouona. Kisha akasema: "Shaba ni sawa mimba, Mama Jenny. Unaficha, unaficha, siku moya inaonekana." Eti shaba ninawafichia kaka zangu. Kaka zangu wawili, mmoja ni fundi saa Kolwezi, mwingine amekufa!

Nikamshika mkono nikampeleka mpaka ukutani. Mrehani uko pale, una maua. Meupe! Nikasema angalia. Ameangalia. Amemwita Doudou.

Doudou amechuchumaa, ametafuna jani, amefumba macho. Padri hatafuni hostia kwa heshima ile. Nikasema ni meupe au si meupe?

"Kama iko mweupe, maman, ni sababu shaba iko chini zaidi."

Na kama ni ya buluu? Basi shaba iko karibu. Na pasipo na ua kabisa? Akafikiri kidogo. Hapo, anasema, shaba ni nyingi mpaka inaua maua. Kwa hesabu hiyo Likasi nzima ichimbwe, kuanzia kanisani.

Léon alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Dalili ya mvua ni mawingu," anasema. Na tangu Pasaka hatujaona tone.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya kazi. Nimeenda kwa Madame Estelle. Nilikuwa na wazo zuri: yeye aseme. Mwalimu akisema mbele ya watu kwamba buluu ni kosa la mwanafunzi, Léon atasikia. Mi ni mke wake tu, lakini Estelle amepanda ndege.

Amenipa chai. Niliposema buluu ni kosa ameshtuka. Katika sanaa hakuna makosa, anasema. Tena ameshasikia habari ya shaba, na ameipenda mno, ameshaandikia watu wa kalenda. Picha yangu sasa ina jina: Ua la Shaba. Ameweka mkono moyoni alipolitamka.

Nikasema madame, ni mrehani. Wa chai.

Akaweka kikombe chini. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama ni mrehani uliomwagiwa maji, basi haiwezi kuwa jalada. Itabidi achukue nyingine. Alikuwa anafikiria ile nyekundu ya Hortense, ina nguvu.

Maharagwe! Maharagwe ya Hortense kwenye kuta za Wabelgiji mwaka mzima!

Nikanywa chai yangu. Nikauliza kama ana sukari zaidi. Nikasema, acha tu jina lile, madame.

Naangalia hii sentensi niliyoandika. Nimeuza ukuta wa jiko langu kwa jalada la kalenda. Na mimi ndiye ninayemcheka Doudou.

Jumamosi, 3 Mei

Darasani hakuna anayeiga okidi tena. Wote mrehani. Wote buluu. Madame Estelle anatembea kati ya meza na machozi ya furaha, anasema tumepata mtindo wetu.

Hortense ameniuliza kwa sauti ndogo nilitumia buluu gani hasa. Nikasema ile ya kisanduku. Akasema hapana, ile ya kwenye ua. Sikumwelewa. Nilipopita kwake mchana nikaelewa: amepanda mrehani kando ya ukuta wote, mistari miwili, na maua yake ni ya buluu. Nimeyashika. Yameacha rangi kwenye vidole. Bleu ya kufulia nguo! Ameyachovya moja moja, mwanamke huyu, ambaye shuka zake sijawahi kuziona nyeupe.

Amekiri mwenyewe, bila aibu. Anataka Doudou aje kwake pia.

Aka! Kosa langu limezaa. Nilikuwa nikicheka njiani, nikaingia nyumbani, nikakuta Léon anapima ukuta kwa kamba. Kicheko kikaisha.

Jumatatu, 5 Mei

Watu wa Doudou wamekuja, watatu. Wamechora msalaba wa majivu chini ya ukuta wa jiko. Wamehamisha kiti cha Léon. Halafu mmoja ameshika mrehani kwa mkono mmoja na kuung'oa, mizizi na yote, akautupa kwenye mtaro.

Nimelia. Léon amedhani ni kwa ajili ya mrehani, akaniahidi kuninunulia mwingine, hata kumi, tutakapokuwa watu. Watu! Nikamuuliza sasa sisi ni nini. Akarudi kuangalia msalaba wake.

Mchana nimemwambia tena. Maji, Léon, yalikuwa maji. Nimeapa kwa jina la Jenny. Amenishika bega. Anasema anajua, ni hofu, wanawake wanaogopa bahati.

Nimeokota mrehani mtaroni nikautia kwenye kopo la maji. Maua bado meupe.

Jumanne, 6 Mei

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika haraka, mlango nimeufunga.

Wameanza saa nne. Watu wa barabara nzima wako ndani ya lupango, Hortense mbele, na mwavuli wake. Shimo halijafika hata magotini, wakapiga kelele. Jiwe. Jiwe la kijani, kijani cha shaba!

Léon amepiga magoti. Lakini Doudou si mjinga, amelizungusha, amelitemea mate, amevua miwani. Akasema watu wamesema kijani mara nyingi maishani mwake. Akasema: "Mama Jenny njo anajua rangi. Yeye aseme."

Wote wamenigeukia. Wiki nzima hakuna aliyenisikia, na leo mimi ni jaji. Nikasema nipeni jiwe, nipeni kimya, nahitaji meza yangu. Hapo wameheshimu. Nikisema kijani ni cha kweli, kesho wanaongeza watu na wanapita chini ya ukuta. Nikisema si cha kweli, Doudou anakwenda kwa Hortense. Ndivyo Doudou alivyosema, mbele ya wote.

Jiwe liko hapa, karibu na daftari. Linajaa kwenye kiganja.

Nimelitambua mara moja! Hiki kijani ni changu. Kijani cha majani ya mwezi wa nne, glasi baada ya glasi, kwenye udongo uleule. Léon aliona mwenyewe, alilalamika mwenyewe! Nimecheka nikiwa nimeziba mdomo kwa khanga. Nikachovya brashi kwenye maji safi, nikaligusa. Rangi ikatoka papo hapo, ikaingia kwenye glasi. Ukuta wangu umepona.

Nilikuwa nimeshashika kitasa. Nikasema ngoja. Watu hawa hawaamini maneno. Nilioshe kabisa, niwape jiwe jeusi tupu, walione kwa macho yao.

Maji ya kwanza: kijani. Nimemwaga ndani ya beseni.

Maji ya pili: kijani kidogo.

Maji ya tatu: safi.

Jiwe bado ni kijani.

Nimesugua kwa kitambaa. Kwa ukucha. Kwa mswaki wa Léon. Rangi yangu ilikuwa juu, imekwisha. Hii iko ndani, kwenye ufa, inapita mpaka upande wa pili. Haitoki. Nimeweka kidonge changu cha kijani kando yake, hakifanani hata kidogo. Mwezi mzima nilikuwa natafuta kijani cha namna hii na sikukipata.

Yesu wangu.

Léon amegonga. "Mama Jenny. Ni kijani ao hapana?"

Naangalia ukuta. Hata humu chumbani ni matofali yaleyale. Nikisema ndiyo, labda tutakuwa watu, kama anavyosema, na labda tutakuwa kwa shemeji.

Amegonga tena. Nimesema, kupitia mlango, sauti yangu ya kila siku: ni rangi yangu, Léon. Maji ya brashi.

Halafu namsikia Léon anawaambia watu. Anasema: kweli, kila siku alikuwa anamwaga pale, nilimkataza, ninyi hamumjui huyu mwanamke. Hortense anacheka. Léon ameniamini! Siku saba nimesema kweli mpaka kuapa, hakuna. Neno moja la uongo, limeingia.

Sasa anakohoa. Kikohozi kimerudi. Moyo unaniuma kukisikia.

Anagonga mwingine. Si Léon, huyu anagonga kwa pete. Doudou, na heshima zake zote:

"Sawa, maman. Uturudishie basi jiwe yetu."

Jiwe liko ndani ya glasi. Maji ni safi, na kadiri linavyolowa ndivyo linavyozidi kuwa kijani. Sina pa kulificha: dirisha hili lina nondo. Nimeangalia chini ya kitanda, nimeangalia kopo la mrehani, mdomo wake ni mdogo. Anagonga. Nimesema nakuja, nanawa mikono